Programu ya Kumrudisha Kanyiva

Jumatatu, 3 Februari 2025. Kathonzweni.

Nimepata dawa! Sijui kwa nini haikunijia mapema.

Mke wangu Kanyiva alikwenda kwao Kikima mwezi wa kumi na moja, mama yake alipopasuliwa macho. Alisema anaenda kumwangalia. Hajarudi. Krismasi imepita, shule zimefunguliwa, binti yetu Kaveke amerudi bweni, ndengu zimekauka shambani zinangoja mvunaji, na mama wa nyumba bado yuko Kikima. Nimefikiri sana ni kitu gani kinamzuia. Jibu ni moja. Mama mkwe haoni vizuri, hawezi kusoma Biblia, na kila siku lazima asomewe Zaburi. Anayemsomea ni Kanyiva. Kwa hiyo kinachomzuia Kanyiva ni Zaburi.

Basi nikimpa mama mkwe kitu cha kumsomea, Kanyiva atakuwa huru. Rahisi hivyo!

Na sauti ninazo. Miaka ya nyuma nilikuwa na mpango wa kuuza Zaburi kwa simu. Kila jioni kabla ya chakula nilimketisha Kanyiva mbele ya kompyuta, anasoma, narekodi. Mpango ulikufa lakini faili zipo. Leo nimeandika programu. Dirisha moja, picha ya kitufe kikubwa cha kijani, ukibonyeza mahali popote Kanyiva anasoma. Hata asiyeona ataweza. Nikaikompaili, yaani nikaigeuza kutoka maandishi yangu ikawa kitu kinachofunguka chenyewe, nikabonyeza. Sauti ya Kanyiva ikajaa sebuleni. Zaburi ya mia moja ishirini na moja. Nilisimama na kikombe mkononi, nikakosa pa kutazama. Kisha nikaona kijani cha kitufe hakijakolea. Nikazima nikakirekebisha.

Alipoondoka alibeba nguo zake zote, sufuria kubwa na cherehani. Nadhani mama mkwe alikuwa na mapazia ya kushonwa.

Jumatano, 5 Februari. Kikima.

Baridi ya huku juu! Ukungu mpaka saa nne. Nimekuja na programu kwenye flashi, ndani ya soksi, isipate unyevu.

Naandika nikiwa kwa jirani, Mama Ndeti. Nyumbani kwa wakwe siwezi kuingia. Kwetu mkwe wa kiume na mama mkwe hawakai chumba kimoja, hawashikani mikono, hawatazamani usoni. Ndiyo nthoni hiyo. Vijana wa kanisani wanasema imepitwa na wakati, lakini mimi na mama mkwe hakuna aliyetuarifu. Tangu nimwoe binti yake, tukikutana njiani yeye hujifunika leso kichwani na kuingia kwenye mahindi ya watu. Namheshimu sana. Sura yake siijui vizuri.

Kompyuta ya pale ni ya shemeji yangu Muindi, ndugu yake Kanyiva, mwalimu. Mchana iko nyumbani, yeye yuko shuleni. Inatumia Windows. Yangu inatumia Linux. Niliikompaili ya Windows pia, sikuona shida. Kanyiva naye hakuwepo. Amekodi kibanda sokoni, anashona sare za shule. Kazi ya kupitisha muda.

Kwa hiyo aliyebaki wa kufanya majaribio ni mama mkwe mwenyewe, na wa kuniletea habari ni Mama Ndeti. Mama Ndeti anajua kuchomeka flashi na kubonyeza mara mbili. Zaidi ya hapo anasimulia anachokiona. Alikwenda, nikakaa kwenye benchi yake nyuma ya ua wa miti. Akarudi.

Akasema kuna dirisha jeupe, na maandishi ya Kizungu yanasema kitu chako hakiko. Nikamuuliza kitu gani. Akarudi kutazama. Akaja tena akasema haitaji ni kipi, inasema tu hakiko. Nikamtuma aulize kama kitufe cha kijani kinaonekana. Mama mkwe akajibu kupitia kwake kwamba yeye haoni kijani, lakini siku hizi haoni vitu vingi, kwa hiyo mkwe asivunjike moyo.

Baada ya kujikuna kichwa nimeelewa. Kwenye flashi nilibeba programu peke yake. Sauti na picha ziko kwenye folda, na folda iko Kathonzweni. Nilidhani ukikompaili kila kitu kinaingia ndani chenyewe. Kumbe kinachoingia ni maagizo tu, mali inabaki nje. Nauli imekwenda bure!

Muindi alinikuta njiani nikija, nikamweleza mpango. Alicheka mpaka akashika goti. Akasema sokoni kuna redio ndogo ya memori kadi, unaweka sauti zako, unampa mama, kazi imekwisha. Nikamweleza tofauti kati ya redio na mfumo. Akasema, "Sawa, shemeji," kwa ile sauti yake.

Naongezea nikiwa ndani ya gari: nilipitia kibandani kumsalimia Kanyiva. Alikuwa anampima mtoto wa shule mabega. Amepungua mwili kidogo. Aliniuliza kama nimekula. Nikamwambia programu imekosa rasilimali. Akarudi kwa futikamba yake.

Alhamisi, 6 Februari. Kathonzweni.

Nimegundua kosa la pili hata la kwanza halijapona. Ndani ya programu niliandika sauti zitafutwe nyumbani kwa Mulinge, yaani kwangu. Ndivyo Linux yangu inavyozipanga: folda inayoitwa home, ndani yake mulinge, ndani yake zaburi. Hapa inazipata bila taabu. Kwenye kompyuta ya Muindi hakuna home wala mulinge. Hata ningebeba folda, programu ingefika pale ikatafute nyumba ambayo haipo, ikose, inyamaze.

Nilimpigia Muindi nimuulize folda za kwake zimekaaje. Akasema nisihangaike, ataniundia folda yenye jina langu. Nikakataa. Sitaki kuwa na deni la wema kwa mtu anayecheka akishika goti. Nimerekebisha mwenyewe. Sasa programu inatafuta sauti pale pale ilipo yenyewe, popote itakapokuwa. Hata mlazo, kile kistari cha kugawa folda, niliuandika wa Linux, nikauondoa, nikaiachia programu ijichagulie wa pale ilipo. Nilijipigia makofi.

Jirani yangu Kiema alikuja kuniambia maganda ya ndengu yanapasuka kwa jua na punje zinamwagika chini. Nikamwambia nina shughuli ya familia. Akauliza kama mama Kaveke amerudi. Nikasema ndiyo shughuli yenyewe.

Nyumba ni kubwa kuliko nilivyodhani. Mtu akikohoa jikoni inasikika mpaka chumbani, na anayekohoa ni mimi.

Jumamosi, 8 Februari. Kikima.

Nusu ushindi!

Leo nimebeba programu na folda. Mama Ndeti amerudi mbio akasema kitufe kimetokea, kijani, kikubwa kama sahani. Mama mkwe ameomba niambiwe kwamba hicho anakiona. Anakiona kama nyasi za mvua ya kwanza. Ni mtu mwema sana yule mama, ningependa siku moja nimwambie.

Basi akabonyeza. Kimya. Akabonyeza tena. Mama Ndeti akasema amebonyeza mpaka kidole kimechoka, mashine inatulia tu na kijani chake. Nikamtuma afungue folda ahesabu kilichomo. Akaja akasema mle ndani kuna picha ya kitufe, basi. Hakuna kingine.

Nilihisi kama nimeibiwa. Nani aliyetoa sauti za mke wangu kwenye flashi? Nimekaa nikakumbuka. Nilipokuwa nanakili jana kompyuta iliniuliza swali. Nilikuwa na haraka, nikabonyeza ruka. Ikauliza tena. Nikabonyeza ruka zote.

Ni majina. Faili zangu nilizipa majina ya kikanisa: Zaburi 121:1-8, Zaburi 23:1-6, kama zinavyotangazwa kwenye ibada, sura, nukta mbili, mistari. Linux haikuwa na neno. Flashi na Windows hazikubali nukta mbili kwenye jina la faili, hata liwe la Zaburi. Ziliachwa zote mlangoni. Nani angedhani? Mkristo gani anaandika Zaburi bila nukta mbili?

Mama mkwe amenitumia uji kwa mkono wa Mama Ndeti. Akaongeza ujumbe kwamba Kanyiva anafunga kibanda mapema leo, nikisubiri kidogo nitamkuta. Lakini nilikuwa nimeshapata wazo zuri, na wazo kama hilo likipoa ni vigumu kulipasha. Nimepanda gari la saa nane. Sokoni nilimwona kwa dirisha, amesimama kwenye kibanda anatazama upande wa kwa Mama Ndeti. Nikapunga mkono. Sidhani aliniona.

Jumatatu, 10 Februari. Kathonzweni.

Sasa nimeamua. Hakuna tena folda, hakuna majina. Kila sauti na kila picha itaingia tumboni mwa programu wakati wa kukompaili. Itabeba mali yake yote ndani. Ikifika Kikima haina cha kutafuta.

Asubuhi yote imekwisha hapo. Kwanza kwa mtindo huu mpya ilikataa kukompaili kwa ajili ya Windows kwa sababu ya picha ndogo ya alama ya programu, ambayo Linux haikuwahi kuiulizia. Nikaichora. Kisha ikasema faili ya Zaburi ya ishirini na saba haiko, na ilikuwepo, nilikuwa naitazama kwa macho yangu. Nilikuwa nimeanza jina kwa herufi kubwa huku na ndogo kule. Nikabadilisha yote. Kisha ikakubali. Imenenepa hiyo programu! Flashi ilichukua muda kuimeza.

Katikati ya hayo Kanyiva alipiga simu. Aliuliza habari za ndengu. Nikasema ziko. Akauliza kama Kaveke alipelekewa sweta yake shuleni. Nikasema nitapeleka. Maswali yakaisha, lakini hakukata. Nilisikia watu wa sokoni nyuma yake, na pumzi yake. Skrini ilikuwa inaonyesha mstari wa mwisho kabisa wa kukompaili. Nikamwambia nitampigia baada ya muda kidogo. Mstari ukafika mwisho vizuri, nikafurahi, nikasahau.

Sijaijaribu kwa kuwa ya Windows haifunguki hapa kwangu. Wala sina haja ya kusikiliza sauti zenyewe. Ni za mke wangu, nazijua.

Jumatano, 12 Februari. Kikima.

Imefanya kazi. Naandika kwenye benchi ya Mama Ndeti.

Alichomeka, akabonyeza mara mbili, kitufe kikatokea. Muindi alikuwa ameacha spika ya kwaya imeunganishwa. Mama mkwe akabonyeza. Sauti ya Kanyiva ikatoka mle ndani, ikavuka ua, ikanifikia. Alisoma bila haraka, anavyosoma siku zote, akipumzika kidogo mwisho wa kila mstari. Mama Ndeti alisimama mlangoni, akafuta macho kwa ncha ya leso. Mimi nilijiona mtu mkubwa. Nilianza hata kupanga tutakavyobeba cherehani.

Zaburi iliisha, sauti ikaendelea.

Hapo nikakumbuka. Siku zile nilikuwa nasahau kuzima. Kanyiva akimaliza kusoma aliinuka kwenda jikoni, mimi nikageukia kompyuta ya pili, na ile ya kwanza ikaendelea kurekodi. Sikuwahi kusikiliza faili yoyote mpaka mwisho. Leo nimesikiliza, pamoja na mama mkwe, na Mama Ndeti, na wapita njia.

Mfuniko wa sufuria. Sahani zikiwekwa mezani. Kanyiva akiita, "Baba Kaveke, chakula kiko tayari." Mimi nikisema nakuja. Mvua ikaanza kwenye mabati. "Baba Kaveke, kinapoa." Mimi nikisema dakika moja tu, nakuja. Mvua. Kisha Kanyiva akaombea chakula peke yake, kwa sauti ya chini, akanitaja mimi na mtoto. Kisha kijiko. Kijiko cha mtu mmoja kwenye sahani, muda mrefu mno, na mvua juu yake.

Nilitamani ardhi ipasuke niingie. Kazi yote ile, halafu uchafu kama huu ndani! Nilimtazama Mama Ndeti. Alitazama kuku.

Kisha jambo ambalo halijawahi kutokea. Mama mkwe alitoka nje, fimbo mkononi, akaja mpaka kwenye ua. Alinigeuzia mgongo, leso kichwani, akaongea na mimi moja kwa moja.

"Mkwe wangu," alisema, "mtoto wangu alikuita. Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa pale pale, mama," nikamjibu. "Ndiyo maana na sauti yangu imeingia."

Akasimama. Nilidhani ataongeza kitu. Akasema, "Haya," akarudi ndani taratibu, akipapasa njia kwa fimbo.

Sijui kama nilijibu vizuri. Nilijibu ukweli.

Alhamisi, 13 Februari. Kathonzweni.

Kanyiva amepiga simu mapema, kabla sijavaa viatu. Sauti yake ilikuwa nzito, kama ya mtu mwenye mafua. Alisema mama yake alimbonyezea ile Zaburi jana aliporudi, na walisikiliza mpaka mwisho, wote wawili, kisha wakasikiliza tena. Alisema amelia.

Nilianza kumweleza kwamba nilisahau kuzima. Hakuningoja.

"Sikujua kama unazo hizo," alisema. "Nilifikiri hukuwahi kunisikia."

Kisha akasema nije Jumapili baada ya ibada. Atakuwa kibandani na vitu vyake vyote vimefungwa. Tutakula hotelini pale sokoni, sisi wawili, halafu twende nyumbani. Mama amesema atasomewa na Mama Ndeti, wala hakuna shida. Kanyiva aliniomba kitu kimoja tu: nije mwenyewe, bila kompyuta. Nikasema nimeelewa.

Anarudi! Nilizunguka nyumba nzima nikigusa viti. Nilifagia. Nilifungua dirisha la chumba. Nikakuta hata mimi machozi yananitoka, nikaketi kitandani upande wake mpaka yakaisha.

Baadaye nimetafakari maneno yake. Amelia. Maskini, ameaibika! Mbele ya mama yake mzazi, kwenye spika ya kwaya, kijiko na sufuria na mambo ya ndani ya nyumba. Mtu aliyeahidiwa Zaburi hategemei kusikia watu wanakula. Hawezi kurudi na aibu hiyo inaning'inia kule Kikima. Lazima niitoe kabla ya Jumapili.

Ijumaa, 14 Februari. Kathonzweni.

Redio inazungumza habari za wapendanao tangu asubuhi. Nimeizima nipate utulivu, nina kazi ya mke wangu.

Nimefungua faili moja moja. Kwenye skrini sauti huonekana kama milima. Zaburi ni milima mirefu, inafuata mbuga, halafu vilima vidogo vidogo hadi mwisho. Milima naiacha, vilima nakata. Hakuna haja ya kusikiliza, unakata kwa macho. Karibu kila faili ina vilima. Kwenye baadhi vilima ni virefu kuliko Zaburi yenyewe. Kweli nilikuwa nasahau kuzima.

Mara moja kidole kiliteleza nikabonyeza cheza. Kanyiva alikuwa anacheka. Mimi nilikuwa nimesema kitu, naye anacheka, na Kaveke akiwa mdogo anauliza mnacheka nini. Sikumbuki nilisema nini. Nilirudisha nyuma kidogo nijue, lakini mwanzo wake ulikuwa tayari umekatwa. Basi nikakata na hicho.

Nimefuta hata faili za zamani na zile za flashi. Kisha nikampigia Muindi aifute ile programu ya Jumatano kwenye kompyuta yake, kabisa, isibaki hata kwenye pipa. Aliuliza kama nina hakika. Nikasema ndiyo. Akauliza kama nimezungumza na dada yake. Nikamwambia mwenye programu ni mimi. Safari hii hakucheka. Alisema tu, "Sawa, shemeji."

Nimekompaili upya. Safi. Zaburi tupu, na mwisho wa Zaburi ni mwisho wa sauti.

Jumapili, 16 Februari. Kikima, halafu njiani.

Nilivaa koti la harusi. Kompyuta niliiweka kwenye mkoba chini ya koti, isionekane. Alisema nisije nayo, lakini habari njema haielezwi kwa mdomo tu.

Kanyiva alikuwa amekaa mbele ya kibanda. Alikuwa amesukwa. Cherehani imefungwa kwa kitenge, sufuria kubwa iko juu ya mabegi, kamba imekazwa vizuri. Aliniona kwa mbali akasimama. Alikuwa anatabasamu, na mimi nilisahau maneno yote niliyopanga. Alinishika mkono mbele ya watu. Akasema amemwambia mwenye hoteli atuwekee muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa, yenye kunde. Kisha akaona mkoba.

Nikamwambia ni dakika moja tu. Kuna kitu lazima akisikie kwanza.

Niliweka kompyuta juu ya meza yake ya kukatia nguo. Nikabonyeza. Zaburi ya mia moja ishirini na moja ikasomwa, yote, bila doa. Ikaisha. Kimya. Nilimtazama usoni nione afarijike. Aliendelea kusikiliza, kichwa kimeinama kidogo, akingoja.

"Ile nyingine iko wapi?" aliuliza. "Mama aliitafuta asubuhi akaikosa."

Nikamwambia asiwe na hofu. Nimeitoa. Nimeitoa kwenye hii, na kwa Muindi, na kwenye flashi, na kwenye faili zote za zamani. Hakuna mtu atakayeisikia tena maisha yake yote.

"Ulizisikiliza kabla hujazikata?"

Nikamweleza habari ya milima na vilima, kwamba mtu mzoefu hukata kwa macho. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Aliweka kiganja juu ya kompyuta kama anayepima mtoto homa, akaifunga.

"Nilifikiri ulikuwa unaniomba msamaha," alisema.

Nikamwambia hapana, ilikuwa hitilafu tu.

Hakulia. Hakunigombeza. Heri angenigombeza. Aliinama akafungua fundo la kamba, akatoa sufuria, akafungua kitenge. Akaniomba nimsaidie kunyanyua cherehani kuirudisha mezani, ni nzito kwa mtu mmoja. Nikanyanyua. Aliikagua sindano, akapitisha uzi. Akasema nipite hotelini nile kabla ya safari, chakula kimeshaandaliwa. Nikamuuliza kama yeye haji. Akasema ana sare za watu za kesho.

Nilikula. Mwenye hoteli aliweka sahani mbili. Ya pili ilikaa pale na mvuke wake mpaka ukaisha.

Jumatatu, 17 Februari. Kathonzweni.

Nimefikiri kwa makini. Inauma sana, sifichi. Nilipofungua mlango jana nilimwita kwa jina kabla sijakumbuka. Lakini mtu akikaa na uchungu tu hatatui chochote.

Tatizo nimelipata. Soko lina kelele, na spika ya kompyuta yangu ni dhaifu. Kazi nzuri imesikika vibaya. Halafu kuna jambo jingine, na hapa nakiri kosa langu: yeye aliniambia waziwazi nisije na kompyuta. Nilipaswa kumsikiliza. Nilipaswa kumletea ya simu.

Kwa hiyo leo nimeanza kuikompaili kwa ajili ya simu. Ilikataa mara ya kwanza. Simu inataka rasilimali zikae kwenye folda yake maalumu, na majina yawe ya herufi ndogo tupu, bila nafasi. Nimeyabadilisha yote. Ikakosa picha ya kitufe, nikaichora upya, kijani kile kile cha mama mkwe. Kiema alichungulia dirishani akasema kuku wa kijiji kizima wako kwenye ndengu zangu. Nikamshukuru.

Mchana simu iliita. Jina la Kanyiva. Nilikuwa katikati ya Zaburi ya mwisho, na ukiacha hapo unaanza upya. Nilisema moyoni nitampigia ikimaliza. Iliita, ikanyamaza, ikaita tena kidogo.

Imemaliza. Linux, Windows, na simu, zote tatu. Nimekagua mara mbili. Hakuna onyo hata moja, na hakuna kinachokosekana.